Posa Iliyodhaniwa Imekataliwa Kiwanjani

MSAFIRI akipanda basi Mombasa baada ya sala ya isha huamkia Nairobi, na kabla ya alasiri huwa ameshashuka Isiolo. Zamani safari hiyo mtu aliagwa kwa fatiha na machozi. Siku hizi vijana wetu wa Pwani huiendea na mkoba mmoja begani, huyu mwalimu, yule muuguzi, mwingine fundi wa umeme. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, lami ya kwenda Moyale ilipotandikwa, na kiwanja cha ndege cha Isiolo kilipofunguliwa mwaka 2017 baada ya kupanuliwa, mji ule uliokuwa mwisho wa njia ukawa njia panda. Penye kazi vijana hukaa; wakikaa huona, na wakiona huposa.

Basi posa baina ya Pwani na kaskazini si habari ngeni tena misikitini mwetu. Kadhalika si ajabu kusikia kwamba fulani alikwenda kuposa huko na jambo lenyewe lisifike kwa kadhi. Ukiuliza kulikoni hujibiwa kwa maneno mawili matatu: wale watu wana kiburi, mila zao nzito, hawatutaki. Mwandishi wa makala haya alikuwa na majibu hayo hayo mfukoni hadi mwezi wa Septemba 2023, alipokuwa mmoja wa watu watano waliopeleka posa ya mtoto wa dada yake katika mtaa wa Kiwanjani.

Kiwanjani upo ubavuni mwa kiwanja cha ndege, na jina linajieleza. Ni mtaa wa watu mbalimbali kama ulivyo mji wote wa Isiolo: Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na wengineo. Wasomali wa Isaaq na Harti wa mji ule wengi wao ni vizazi vya askari waliowatumikia Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakapewa makao huko vita vilipokwisha. Waborana wa Waso nao waliingia katika Uislamu kwa wingi katika karne iliyopita. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Binti tuliyemwendea ni Mborana, mwalimu wa chekechea. Kijana wetu ni fundi wa umeme aliyekwenda huko kwa kazi ya miezi mitatu akakaa miaka miwili.

Tulikwenda kwa adabu zetu. Kanzu zimepigwa pasi, sinia la halua limefunikwa kitambaa, udi na ubani havikukosa, na barua ya posa imo ndani ya bahasha pamoja na kitu kidogo cha kufungulia mlango. Tulikaribishwa mkekani tukaamkiana kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea: wazima nyumbani, wazima watoto, wazima mifugo. Nasi mifugo yetu, ndugu msomaji, ni paka. Kisha ikaletwa kahawa.

Hapo ndipo tulipoanza kuteleza. Mtu wa Mombasa akiambiwa kahawa huwaza dele, vikombe vidogo na kipande cha kashata pembeni. Tuliyoletewa ni buni nzima nzima, zimekaangwa kwa samli zikapasuka, zikaletwa zingali zinaelea. Mwenzetu mmoja, mtu mzima mwenye duka lake Mji wa Kale, aliitazama sahani yake, akamtazama jirani, kisha akaisukuma taratibu nyuma ya goti. Alidhani ni masalio ya jikoni. Hakujua kwamba kwa Waborana buni hiyo huandamana na dua, na wazee huiombea nyumba amani na kizazi kabla haijatafunwa. Wenyeji walimwona. Hawakusema neno.

Barua niliisoma mimi, kwa sauti na kwa madaha, na nakiri kwamba niliipenda sauti yangu siku ile. Ami yake binti, ambaye ndiye aliyesema kwa niaba ya nyumba kwa kuwa baba mtu amekwisha fariki, alinisikiliza hadi mwisho. Bahasha aliiacha pale pale mkekani bila ya kuigusa. Akasema kwamba wamesikia, na kwamba maneno ya watu wazima hutembea kwa miguu. Twende salama tukawasalimie wa nyumbani. Basi. Haikutajwa siku, haikutajwa mahari, wala binti hakutajwa jina.

Kwetu sisi nyumba iliyoridhia posa hujibu, ama kwa barua ama kwa mtu. Bahasha isiyoguswa huhesabiwa kuwa imerudishwa. Basi lilipokuwa halijafika Nanyuki tulikwisha toa hukumu yetu, na kila mmoja aliongeza ushahidi wake. Mmoja alisema hata kahawa hawakutuchemshia.

Tulipofika Mombasa hukumu hiyo ilipata hakimu mkubwa zaidi. Bibi wa kijana, ambaye nyumbani twamwita Nana, ni Mbajuni aliyezaliwa bara ya Lamu, upande wa Kiunga. Alikuwa msichana mdogo vita vya shifta vilipopamba moto, na aliondoka kwao na wazazi wake usiku, wakaacha nyumba na minazi. Wabajuni wengi waliondoka hivyo katika miaka ile ya 1960, na vijiji vingine havikukaliwa tena. Tangu tulipomwambia neno Isiolo alikuwa akisikia neno jingine. Tuliporudi bila ya jibu alisema kwamba Mungu amemwepushia mjukuu wake kuoa kwa mashifta, na akaomba chai.

Hapa yatupasa kusimama kidogo. Vita vile vilidumu tangu 1963 hadi 1967, na sisi wa Pwani tunavikumbuka kwa upande mmoja tu, ule wa waliokimbia. Waborana wa Waso wanavikumbuka kwa upande mwingine. Serikali iliwakusanya watu katika vijiji vyenye ulinzi, huko Garba Tula, Merti na kwingineko, wakakatazwa kutembeza mifugo. Ngamia na ng'ombe wakafa au wakauawa kwa maelfu, na familia zilizokuwa na mali zikaingia mjini mikono mitupu. Sheria za hali ya hatari katika sehemu zile hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Wazee wengine wa kaskazini hadi leo wakisafiri kwenda Nairobi husema wanakwenda Kenya. Mtu wa namna hiyo akiwaona watu watano wenye kanzu nyeupe wameteremka mlangoni pake, mmoja anasoma karatasi kwa sauti kama karani wa mahakama, naye yule mwingine anasukuma buni nyuma ya goti, atadhani nini? Alidhani, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, kwamba watu wa Pwani wamekuja kununua.

Kwa hiyo siku ile mkekani hakuna aliyemwona mwenziwe. Kila upande ulikuja na picha yake tangu nyumbani, ukaitazama hiyo.

Na siku hizi picha hizo zimezidi, maana ziko hata mfukoni. Kijana wetu mara ya kwanza alimwona binti katika simu ya mfanyakazi mwenziwe, akapendezwa. Ndugu za binti nao walimtafuta kijana kwa njia ya simu, wakamkuta amepigwa picha siku ya Idi pwani pamoja na wenziwe, miwani myeusi usoni na maji ya bahari magotini. Wakasema huyu ni mtoto wa starehe. Kijana mwenyewe hajui hata kuogelea. Sheria yetu imemruhusu mposaji kumtazama anayemposa. Masahaba walifundishwa hivyo, na mfano wa Mughira bin Shu'ba hutajwa sana katika darsa. Lakini kutazama huko ni kwa macho, mbele ya walio karibu naye, wala hakuhusiani na picha iliyochaguliwa miongoni mwa ishirini.

Tabu hii si yetu peke yetu, wala haikuanza na simu. Waingereza walikuwa nayo katika miaka ile ya 1811 hadi 1820, mfalme wao George wa Tatu alipokuwa mgonjwa na mwanawe akitawala kwa niaba yake. Vijana wa nyumba zenye mali hawakuruhusiwa kukutana ovyo. Walikutana katika karamu za ngoma, mama zao wameketi kandokando wakihesabu. Mwandishi mmoja wa kike, Jane Austen, ambaye mwenyewe hakuolewa, alitunga kisa juu ya mambo hayo. Alipokiandika mara ya kwanza, mwaka 1796 na 1797, alikiita First Impressions, yaani yale mtu anayoyaona na kuyaamini siku ya kwanza. Kilipochapishwa mwaka 1813 kikatoka kwa jina la Pride and Prejudice. Mle ndani mna bwana mmoja, Darcy, ambaye pato lake la pauni 10,000 kwa mwaka lilijulikana ukumbini kabla yeye mwenyewe hajajulikana. Alikataa kucheza na msichana Elizabeth, tena kwa maneno ambayo msichana aliyasikia. Akachukiwa. Pana na ofisa wa jeshi, Wickham, sura nzuri na ulimi wa asali. Huyo akapendwa na kuaminiwa na mji mzima. Mwisho wa mambo huyu mwenye asali ndiye mwongo, na yule aliyenuna ndiye mtu. Na miongoni mwa waliomfumbua macho Elizabeth alikuwamo mwanamke aliyeitunza nyumba ya Darcy na kumjua tangu utoto. Yaani aliambiwa na mtu anayekaa naye.

Sisi tulikuwa na elimu hiyo zamani zaidi. Nani hajasikia kisa cha Fatima binti Qays? Alikuwa mwanamke wa Kikureshi aliyeachwa, na eda yake ilipokwisha alijiwa na posa mbili, ya Muawiya na ya Abu Jahm. Alikwenda kumtaka shauri Mtume, rehema na amani zimshukie. Mtume hakumficha: mmoja hana mali, na wa pili fimbo yake haitui begani. Akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Binti Qays alichukia. Usama alikuwa mwana wa Zayd aliyewahi kuwa mtumwa akaachwa huru, na mama yake ni Ummu Ayman, mwanamke wa Kihabeshi. Aliposhauriwa tena alikubali, na baadaye alisimulia mwenyewe kwamba Mungu alitia heri nyingi katika ndoa ile hata wanawake wengine wakamwonea wivu.

Maulamaa wamekitolea kisa hiki hukumu nzito: kwamba mtu akiulizwa juu ya mposaji, kusema kweli aijuayo hakuhesabiwi kuwa kusengenya. Ndiyo maana posa ya zamani katika miji yetu ilikuwa na mshenga, na baada ya mshenga ilikuwa na watu wa kuulizia. Aliulizwa imamu wa msikiti anaosali kijana, akaulizwa muuza duka, akaulizwa jirani wa ukuta mmoja, na mara nyingine kinyozi, kwa kuwa hakuna asilosikia. Siku hizi tumebakisha sinia. Anayeulizia huonekana ana dhana mbaya, na tunasahau kwamba dhana iliyokatazwa katika sura ya Hujurati ni ile ya mtu kujihukumia bila ya kuuliza.

Tena tusijidanganye juu ya neno ukufu. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wamelizungumza kwa mipaka yake, lakini midomoni mwetu limekuwa kufuli ya kumfungia nje kila aliyetoka bara. Nimewahi kumsikia mtu akimkataa Mborana kwa hoja ya ukufu, naye mwenyewe ukimwomba nasaba yake haivuki babu wa tatu. Mborana humhesabia mwanawe mababu tangu akiwa mdogo.

Turudi Kiwanjani. Miezi ilipita. Dada yangu alianza kutupa macho kwingine, akapata msichana wa Malindi, na nusu ya mazungumzo yakafanyika. Mwezi wa Novemba 2023 zikaja mvua za El Nino zilizokata barabara za kaskazini na za Pwani vile vile, ikawa hata aliyetaka kusafiri hakuweza. Na katika nyumba ile ya Kiwanjani, bila ya sisi kujua, watu walikuwa wakitungojea. Walikuja waposaji wengine wawili, wakaambiwa kwamba pana neno la watu wa Mombasa halijesha. Kwani Muislamu haposi juu ya posa ya nduguye ilimradi haijavunjwa, nao walikuwa hawakuivunja, wala hawakusikia kwamba sisi tumeivunja. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yasema kwamba ahadi ya kuoa haimfungi mtu, ingawa aliyepata hasara kwa kuvunjwa kwake aweza kudai fidia. Lakini binti aliyekaa miezi minne akiwarudisha watu mlangoni kwa ajili ya waposaji wasiorudi, hasara yake ataidai wapi?

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa asili ya Lamu aliyeolewa Isiolo miaka mingi iliyopita, auzaye mahamri asubuhi karibu na nyumba ile. Yeye ana lugha zote mbili, na sizungumzii Kiswahili na Kiborana tu. Alisikia mambo ya Malindi kutoka kwa jamaa zake, akasikia mambo ya Kiwanjani barazani pake, akaona kwamba watu wazima wanaumizana bure. Alimpigia dada yangu simu na kumwuliza swali moja: mwenzangu, ninyi posa mwaipeleka mara ngapi?

Mara moja, alijibiwa.

Basi hawa huijia zaidi ya mara moja, akasema. Kisha akaeleza. Ami hakuweza kujibu siku ile kwa kuwa neno la binti ni la ukoo mzima, na nduguye mkubwa alikuwa na ng'ombe huko Merti. Asingeweza kumwoza mtoto kabla nduguye hajasikia. Pili, Waborana wamegawanyika pande mbili, Sabbo na Gona, na mtu wa upande huu huoa upande wa pili. Mwana wa Mombasa hana upande. Swali hilo liliwakalisha wazee vikao viwili. Bahasha hawakuigusa kwa sababu hakuna mtu mwenye heshima anayeshika fedha kabla ya neno. Maneno kutembea kwa miguu maana yake ni rudini.

Tulirudi Januari 2024, watatu safari hii, bila ya barua. Bahasha yetu tuliikuta imewekwa ndani ya msahafu juu ya kabati, haijafunguliwa. Buni zilipoletwa nilizitafuna hadi ya mwisho. Ladha yake, kwa asiyezoea, ni kazi. Lakini samli ile ni nzuri.

Ami alianza kuuliza habari za kijana, na baada ya maswali matatu niligundua kwamba anajua majibu. Alijua anasali wapi. Alijua aliacha shule lini na kwa nini alihama fundi wake wa kwanza. Alijua kwamba ana deni kwa muuza duka mmoja karibu na kwetu, akataka kujua limelipwa au la. Nilimtazama kijana, aliinamisha kichwa. Hapo mzee akatueleza bila ya fahari yoyote kwamba baada ya mvua walimtuma mtu Mombasa, akafikia kwa jamaa, akasali Ijumaa mbili katika msikiti wetu na kunyolewa kwa kinyozi wetu. Huyo mtu nadhani nilipeana naye mkono. Sisi tuliosema wale watu wako kimya, hatukuwa tumemtuma hata mtoto wa kuuliza barabarani.

Deni lililipwa juma lile lile. Kuhusu picha za Idi, kijana alijieleza mwenyewe mbele ya wazee, na alipofika kwenye habari ya kutojua kuogelea watu walicheka. Mahari yalitajwa, yakakubaliwa, na hayakuwa makubwa. La mahali pa kukaa halikumalizika siku ile wala baadaye; nyumba ya binti yataka wakae Isiolo, dada yangu ataka wakae Mombasa, na vijana wenyewe wamepanga chumba kimoja huko huko Kiwanjani.

Nikaha ilifungwa katika Mfungo Mosi, masika ya 2024 yakitishia njia. Nana hakusafiri. Alitoa doti mbili za leso akazikunja mwenyewe, akatuagiza tumpe binti mkononi. Tuliporudi hakuuliza habari za karamu. Aliuliza kama wazee wale walikuwa na mifugo wakati wa vita. Nikamwambia walikuwa nayo mingi. Akauliza imekwenda wapi, nikamweleza kama nilivyoelezwa na ami, habari za kijiji chenye ulinzi na ngamia waliokufa. Alinyamaza kitambo, kisha akaanza kuihesabu kwa vidole minazi ya babake, mmoja mmoja, na mahali uliposimama.